Kukanyaga Madaraja: Uchambuzi wa Kisa cha Matembezi ya Urithi Kando ya Kijito cha Cheonggyecheon, Seoul

Katika Kikorea neno "dari" lina maana mbili: daraja, na mguu. Maana hizo mbili ziliizaa desturi moja ya Seoul ya zamani. Usiku wa mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka, kwa kalenda ya mwezi, watu walitoka majumbani wakaenda kutembea juu ya madaraja ya kijito kilichokatiza katikati ya mji. Waliamini kwamba anayekanyaga madaraja usiku huo miguu haitamsumbua mwaka mzima. Waliojiweza walijitahidi wafikishe madaraja 12, moja kwa kila mwezi. Ila hawakutembea wote pamoja. Mabwana wa tabaka la yangban, ambao hawakutaka kusukumana na makabwela, walitoka usiku mmoja kabla, tarehe 14. Wanawake walingoja mpaka tarehe 16.

Kijito hicho leo kinaitwa Cheonggyecheon. Kilikaa chini ya zege karibu nusu karne, kisha kikafunuliwa tena mwaka 2005. Jiji la Seoul lina matembezi ya bure yanayoongozwa na waelezaji wa historia, na kijito hiki ni mojawapo ya njia zake. Walimu nao huleta wanafunzi, na wapigania haki za wafanyakazi hupita hapo na hadithi yao wenyewe. Nakichukua kama kisa kimoja chenye swali moja: matembezi ya urithi kando ya kijito kilichofufuliwa yaanzie wapi, yaishie wapi, na nani apewe nafasi ya kusema? Msimamo wangu nautoa mapema. Njia inayoanzia kwenye majengo ya ofisi upande wa magharibi na kukomea kwenye madaraja ya wafalme inamnyima mtembezi nusu ya kijito, na nusu hiyo ndiyo yenye watu.

Kabla ya zege

Mwanzoni kijito kiliitwa Gaecheon, yaani kijito kilichochimbwa, na jina lilisema kweli. Mwaka 1412 mfalme Taejong aliwakusanya vibarua zaidi ya 50,000 kukichimba na kuimarisha kingo zake, kwa sababu kila masika mji mkuu mpya ulikuwa ukifurika. Tangu mwanzo, basi, haukuwa mto wa porini ulioharibiwa na mji. Ulikuwa mfereji wa mji, ukibeba maji ya mvua pamoja na uchafu wote wa jikoni na vyooni. Mwelezaji anayewaambia watu kwamba "asili imerudi" anawapotosha hata kama hana nia mbaya.

Karne tatu na nusu baadaye mfereji ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wameongezeka, miti ya vilimani imekatwa kwa ajili ya kuni, na udongo ulioporomoka ulipandisha sakafu ya kijito mpaka ikakaribia madaraja. Mwaka 1760 mfalme Yeongjo aliagiza kizibuliwe: siku 57 za kazi, watu wapatao 200,000, wengine wakazi walioitwa kwa zamu na wengine vibarua wa kulipwa, maskini wa mji ambao mfalme alitaka wapate riziki. Kazi ilipokwisha, maandishi yalichongwa kwenye nguzo za daraja la Supyogyo yenye maana ya "usawa wa ardhi, mwaka wa gyeongjin", yaani mwaka ule wa 1760. Ni agizo kwa watakaokuja: mkichimba tena, chimbeni mpaka hapa. Sijui maandishi ya serikali yaliyo mafupi na yenye manufaa kuliko hayo.

Supyogyo lilipata jina lake kutokana na kipimo cha maji kilichosimama kando yake. Mfalme Sejong alikiweka mwaka 1441. Cha kwanza kilikuwa cha mti, baadaye kikatengenezwa cha jiwe. Kwenye jiwe hilo palichongwa alama za kina na miduara mitatu, penye futi za Kikorea 3, 6 na 9: chini ya mduara wa kwanza ni ukame, katikati ni kawaida, juu ya wa tatu mji ujiandae kwa mafuriko.

Mambo ya karne ya 20 yalikwenda kwa kasi. Wakati wa utawala wa Wajapani kijito kilipewa jina la Cheonggyecheon, lenye maana ya kijito cha maji maangavu, huku maji yenyewe yakizidi kuwa meusi. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953, wakimbizi na watu waliotoka mashambani walijenga vibanda vya mbao kwenye kingo, vingine vikisimama kwa miguu ya miti juu ya maji machafu. Mwaka 1958 kazi kubwa ya kukifunika kwa zege ilianza. Mwaka 1962 lilifunguliwa Soko la Amani, Pyeonghwa, lililopewa jina hilo na wafanyabiashara ambao wengi walikuwa wakimbizi kutoka kaskazini. Kati ya 1967 na 1971 barabara ya juu ikajengwa juu ya zege hilo. Wakazi wa vibandani walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kusini ya mji, mahali ambapo leo ni Seongnam. Huko hawakukuta maji, barabara wala kazi, na Agosti 1971 hasira yao ililipuka wakaandamana kwa makumi elfu.

Ufufuo na gharama yake

Lee Myung-bak aligombea umeya mwaka 2002 akiahidi kukifunua kijito. Barabara ya juu ilikuwa imechakaa kweli: chuma kilikuwa kikiliwa na kutu, na magari mazito yalikwisha kuzuiwa kupita. Ubomoaji ulianza Julai 2003, na tarehe 1 Oktoba 2005 maji yalifunguliwa katika urefu wa kilomita 5.8, kwa gharama ya takribani won bilioni 386. Siku za nyuma magari yapatayo 168,000 yalipita hapo kila siku, na wengi walidhani mji ungekwama. Haukukwama.

Faida zilikuwa za kweli, na mwelezaji azitaje bila kubana. Vipimo vya kiangazi vilionyesha joto la kando ya maji likiwa chini kwa nyuzi 3 hadi karibu 6 kuliko kwenye barabara za jirani. Kufikia 2008 aina za samaki zilitoka 4 zikafika 25, na za ndege zilitoka 6 zikafika 36. Mtu akishuka ngazi kutoka barabarani anaingia mahali penye sauti nyingine kabisa.

Lakini maji hayo yanapandishwa kwa pampu. Kiasi cha tani 120,000 kwa siku huletwa, sehemu kubwa kutoka mto Han na nyingine ni maji ya ardhini yanayovuja kwenye vituo vya treni za chini. Pampu ikizimwa, sehemu kubwa ya kijito itakauka. Wakosoaji wamewahi kukiita tangi la samaki. Kwangu mimi neno hilo ni kali kupita kiasi, ila nadhani kila matembezi yanayostahili jina la urithi yawe na kituo kimoja cha kusema waziwazi maji haya yanatoka wapi.

Shida kubwa ilikuwa mawe. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua walikuta misingi ya madaraja na mabaki ya Ogansumun, milango mitano ya maji chini ya ukuta wa mji. Ratiba ya ujenzi ilikuwa ya haraka, na mwaka 2004 wanahistoria na vyama vya kiraia walilishutumu jiji kwamba linaharibu urithi. Kazi ilisimamishwa kwenye maeneo hayo, na mwaka 2005 mabaki yakatambuliwa kuwa eneo la kihistoria la taifa. Hata hivyo Gwangtonggyo, daraja kuu la zamani, halikurudishwa palepale pake. Lilijengwa upya mita 155 hivi kuelekea juu ya mkondo, ili lisiingilie barabara ya magari. Supyogyo halikurudi kabisa. Lilikuwa limeondolewa wakati wa kufunika kijito na kupelekwa bustani ya Jangchungdan, na kingo mpya zilipojengwa, upana wa kijito haukulingana tena na urefu wa daraja. Jiwe la kupimia maji nalo linatunzwa kwingine, kwenye jumba la kumbukumbu ya Sejong. Mtembezi anasimama mahali panapoitwa Supyogyo, na hapo hapana Supyogyo.

Na wachuuzi je? Upande wa mashariki, Hwanghak-dong, palikuwa na gulio la mitumba na vitu vya kale lililojulikana mji mzima. Mwishoni mwa 2003 wachuuzi waliondolewa barabarani kwa nguvu, na wengi wakaingizwa ndani ya uwanja wa michezo wa Dongdaemun. Miaka michache baadaye uwanja huo nao ukavunjwa kupisha jumba la kisasa lililochorwa na Zaha Hadid, na wachuuzi wakahamishiwa soko la ndani huko Sinseol-dong, lililofunguliwa 2008. Kuhamishwa mara mbili katika miaka mitano, kwa mtu ambaye biashara yake ni wateja kumzoea mahali alipo, ni hasara ambayo hailipwi kwa kibanda kipya.

Pale kwenye daraja la Beodeul

Sasa nakuja kwenye kituo ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachopima kama matembezi ni ya kweli. Mbele ya Soko la Amani kuna daraja dogo liitwalo Beodeul, na katikati yake inasimama sanamu ya shaba ya kijana, kuanzia kiunoni kwenda juu, kama aliyechomoza kutoka ndani ya daraja. Ni Jeon Tae-il.

Alikuwa fundi wa kukata vitambaa kwenye vyumba vya kushonea vya soko hilo. Wenye vyumba waligawa urefu wa chumba kwa sakafu ya mbao ili wapate ghorofa mbili ndani ya moja, na dari zikawa chini kiasi kwamba mtu mzima hakuweza kusimama wima. Humo walikaa wasichana wadogo, wengine wa miaka 13 hadi 15, wasaidizi wa mafundi cherehani, wakifanya kazi saa 14 hivi kwa siku ndani ya vumbi la pamba, wakipumzika siku mbili kwa mwezi. Jeon Tae-il alikuwa akitumia nauli yake ya basi kuwanunulia wasichana hao vitumbua vya unga wa ngano kwa sababu walishinda na njaa. Kisha usiku alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo mrefu wa kwenda kaskazini ya mji.

Naomba msomaji akae kidogo na habari hiyo. Tunazungumzia matembezi ya urithi, na hapa kuna mtu ambaye kutembea kwake kulikuwa malipo. Nchi ilikuwa na Sheria ya Viwango vya Kazi iliyopitishwa tangu 1953. Aliisoma, akawakusanya wenzake, akahoji wafanyakazi kwa karatasi za maswali, akawaandikia wakaguzi wa kazi, akaandika hata barua kwa rais. Tarehe 13 Novemba 1970, yeye na wenzake walipanga kukichoma hadharani kitabu cha sheria hiyo isiyofuatwa. Polisi walipowazuia, alijimwagia mafuta akajiwasha, akikimbia na kupaza sauti kwamba sheria ifuatwe, kwamba wao si mashine. Alikuwa na miaka 22. Wiki mbili baadaye chama cha wafanyakazi wa nguo wa Cheonggye kiliundwa, na mama yake, Lee So-sun, aliendelea kuwasimamia wafanyakazi mpaka alipofariki mwaka 2011.

Chini ya miguu, kuzunguka daraja, kuna vibao vilivyopachikwa sakafuni vyenye maneno na majina ya watu waliochangia ukumbusho huo mwaka 2005. Kikundi kikifika hapo, watu huinamisha macho ili wasikanyage majina. Si lazima wasikanyage. Vimewekwa hapo vikanyagwe. Mwelezaji mwenye busara atanyamaza dakika moja wajisomee.

Kwa nini kituo hiki kinarukwa kwa urahisi? Sababu kwa kweli ni ya kawaida sana. Kutoka uwanja wa Cheonggye, mahali maji yanapoanzia, mpaka Beodeul ni zaidi ya kilomita mbili na nusu. Ukiongeza vituo, maswali na mzee mmoja anayehitaji kupumzika, saa mbili zinakwisha kabla hujafika. Kinachobaki ndani ya saa mbili hizo ni chemchemi, mchoro wa vigae unaoonyesha msafara wa mfalme Jeongjo wa mwaka 1795, na daraja la kifalme. Hakuna aliyekusudia kumficha Jeon Tae-il. Ni miguu tu imechoka.

Dawa yake ni kugeuza njia

Pendekezo langu ni kuanza chini na kupanda, kinyume na mkondo. Mwanzo uwe kwenye Makumbusho ya Cheonggyecheon, upande wa mashariki, ambako ng'ambo ya barabara viliwahi kujengwa upya vibanda vya mbao mfano wa vile vya miaka ya 1960. Mchungaji Mjapani, Nomura Motoyuki, aliyewasaidia wakazi wa kingo hizi miaka ya 1970, alilikabidhi jiji mamia ya picha alizopiga hapa. Mtu aliyeziona hizo kwanza, akaona watoto wakichungulia kutoka kwenye nyumba iliyosimama kwa fito juu ya maji meusi, hataangalia ukingo wa mawe safi kwa jicho lilelile.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye nguzo tatu za barabara ya juu zilizoachwa kwa makusudi katikati ya maji, zimekatwa vichwa, vyuma vikionekana. Hapa mwelezaji afunge mdomo. Katika kikundi chochote cha wakazi wa Seoul wenye umri wa kutosha atakuwamo aliyepita juu ya barabara hiyo ndani ya basi akiwa mtoto, au aliyeuza kitu chini ya kivuli chake. Matembezi ya jamii yanaanza kuwa ya jamii hapo, pale mtembezi anapojua jambo ambalo kiongozi halijui. Baada yake kuna eneo la lile gulio lililohamishwa, Ogansumun, kisha Beodeul, watu wakiwa bado na nguvu.

Ni ndefu mno kwa asubuhi moja? Basi igawanywe siku mbili, na siku ya kwanza iishie kwa Jeon Tae-il. Ikilazimika kukata, ikatwe upande wa magharibi. Wafalme wana majumba yao, watakumbukwa.

Kuna mambo ya kawaida ambayo nayo yaangaliwe. Njia iko chini ya usawa wa barabara na kwingine ni nyembamba, hivyo kikundi kikizidi watu 15 wa nyuma hawasikii kitu. Mvua kubwa ikinyesha, milango ya mifereji hufunguka na maji kupanda kwa dakika chache, na njia hufungwa. Kiongozi ajue ngazi ya karibu iko wapi kila anaposimama. Watu wenye ulemavu waliandamana tangu mwaka wa ufunguzi kwa sababu viti vya magurudumu havipiti vizuri. Suluhisho la kuwaambia "ninyi mtatusubiri juu" ni tarehe 14 na tarehe 16 upya, kila tabaka na usiku wake. Afadhali kikundi kizima kitembee juu, barabarani, kwenye sehemu hizo, na kiangalie kijito kutoka madarajani, kama walivyofanya watu wa zamani.

Siku ya pili inapita chini ya Sewoon, jengo refu la maduka na karakana la mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu wa Seoul wamezoea kusema kwamba ukizunguka hapo mara moja na mafundi wake unaweza kuunda hata nyambizi. Tangu mwishoni mwa 2018 sehemu ya karakana za jirani zilivunjwa kupisha maghorofa, mafundi na wasanii wakipinga. Fundi mmoja aliyebaki, akikubali kusimamisha mashine yake dakika kumi azungumze na wageni, ana thamani kuliko mabango kumi.

Kisha Supyogyo, daraja lisilokuwapo. Karibu na hapo, tangu 2019, lipo jumba la kumbukumbu ya Jeon Tae-il, na ukuta wake wa mbele umeandikwa barua yake kwa wakaguzi wa kazi, kwa mwandiko wake mwenyewe uliokuzwa, ghorofa hadi ghorofa. Anayetafuta kipimo cha maji anakuta barua ya mkata vitambaa.

Na mwisho wa kupanda ni Gwangtonggyo. Daraja la kwanza hapo lilikuwa la udongo, likabomolewa na mvua mwaka 1410. Taejong aliagiza lijengwe la mawe, na mawe yalitolewa kwenye kaburi la malkia Sindeok, mke wa pili wa baba yake. Mtoto wa malkia huyo ndiye aliyekuwa amechaguliwa kurithi kiti, na Taejong alimwua mwaka 1398. Kaburi lilihamishiwa nje ya mji mwaka 1409, na mawe yake yakapangwa kwenye kuta zinazobeba daraja. Yamechongwa mawingu na miungu walinzi, mistari bado mikali kwa sababu zege liliyakinga na moshi na mvua kwa miaka mingi. Mengine yamewekwa kichwa chini. Mtembezi akitaka kuuona uso wa mlinzi lazima ainamishe kichwa mpaka sikio likaribie bega. Wanawake wa Seoul waliongoja tarehe 16 ili nao wakanyage daraja hili walitembea juu ya mawe ya kaburi la mwanamke.